Kuchanga Kazini kwa Ajili ya Watoto na Vijana Wenye Shida: Mwongozo kwa Wanaoanza Hapa Uganda

Maswali ni yale yale. Tuanzie wapi? Fedha zikae kwa nani? Tumsaidie nani, na bosi akikataa je? Halafu kuna lile linaloulizwa kwa sauti ya chini baada ya kikao kwisha: tutajuaje kwamba fedha hazijaliwa? Nimeyajibu kwa madereva wa malori, wauguzi, walinzi, mafundi wa viwanda vya Namanve na wahudumu wa hoteli Jinja, kila mmoja kwa simu yake. Sasa nayaandika mahali pamoja.

Mwongozo huu ni kwa kikundi cha wafanyakazi, kuanzia watu kumi hadi mia mbili hivi, wanaotaka kutoa kidogo kidogo kutoka mifukoni mwao. Haumfai anayetaka kuanzisha shirika. Sikushauri uanzishe shirika. Usajili, vibali na taarifa za kila mwaka chini ya Sheria ya NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya 2016 ni kazi ya kutwa, na wewe tayari una kazi.

Jambo moja la kuelewa kabla hatujaenda mbali. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi za umma kwa mpango wa UPE (elimu ya msingi kwa wote) mwaka 1997, ikafuata sekondari kwa mpango wa USE (elimu ya sekondari kwa wote) mwaka 2007. Lakini sare, madaftari, viatu, chakula cha mchana na ile orodha ya mahitaji inayoletwa nyumbani kila muhula vimebaki juu ya mzazi. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa vitu ambavyo bei yake wafanyakazi ishirini wanaweza kuilipa bila kuumia. Pengo hilo ndilo saizi yenu.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu watatu wa kamati wanaotoka idara tofauti, na angalau mmoja awe mwanamke. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Msiwaweke watatu wote kutoka ofisi ya juu.
- Ruhusa ya mwajiri iliyoandikwa, hata ikiwa mistari mitatu.
- Kitabu cha risiti chenye nakala, na daftari la hesabu lenye jalada gumu.
- Akaunti ya pamoja benki, au ndani ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya kazini kama ipo.
- Mtu wa kuaminika upande wa watoto: mwalimu mkuu, afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, au shirika lililosajiliwa.
- Kalenda ya mihula. Muhula wa kwanza huanza kati ya mwisho wa Januari na Februari, wa pili mwishoni mwa Mei, wa tatu Septemba. Bila kalenda hii mtachanga vizuri na kufika mmechelewa.

Hatua ya 1: Chagueni lengo moja dogo, mliandike kwa sentensi moja

Vikundi vingi hufia hapa. "Kusaidia yatima" si lengo, kwa sababu hakuna siku mtakayosema mmelifikia. Andikeni hivi: "Kununua sare, madaftari na viatu kwa watoto wanane wa shule fulani ya msingi kabla ya muhula wa kwanza." Au: "Kulipia chakula cha mchana cha watoto kumi wa darasa la saba hadi watakapomaliza PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwezi wa Novemba." Au pedi za kufuliwa kwa wasichana wa darasa la sita na la saba; AFRIpads hutengenezwa hapa hapa nchini, na seti moja hutumika muda mrefu kuliko pakiti za dukani. Lengo la namna hiyo lina mwisho, na mwisho wake unaonekana.

Sasa onyo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Msianze kwa kumlipia mtoto karo ya sekondari. Najua ndilo jambo linaloujia moyo kwanza. Matokeo ya PLE yanatoka mwezi wa Januari, jirani anakuja na karatasi ya mwanawe aliyefaulu vizuri, na wote mnasema huyu lazima aende. Lakini kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne, na miwili zaidi akiendelea. Katika miaka hiyo kampuni itapoteza mkataba, wachangiaji wakubwa wawili watahamia kazi nyingine, na mtoto atafukuzwa katikati ya kidato cha pili akiwa ameshaamini kwamba ana watu. Hiyo inamwumiza kuliko kukosa tangu mwanzo. Chukueni mzigo wa karo pale tu mnapokuwa na fedha za mwaka mzima mkononi kabla ya muhula wa kwanza, na mwajiri ameandika kwamba ataziba pengo mkipungukiwa. Kabla ya hapo fanyeni mambo ya muhula mmoja mmoja, na msimwambie mtoto wala mlezi neno lolote kuhusu mwaka ujao.

Kwa vijana walioacha shule mambo ni rahisi kidogo, maana kozi nyingi za ufundi ni fupi: ushonaji, kuchomelea, saluni, umekanika wa pikipiki. Ulizeni kama kijana atafanya mtihani na kupata cheti kinachotambuliwa na serikali. Kisha tengeni fungu la vifaa tangu mwanzo. Fundi cherehani asiye na cherehani anarudi kukaa kibarazani, na ada mliyolipa inakuwa imekwenda bure.

Hatua ya 2: Wahakikini wanaopokea

Mkisaidia kupitia shule, nendeni wawili mkamwone mwalimu mkuu. Mwambieni mnachoweza na msichoweza. Mwombeni awachague watoto pamoja na mwalimu wa kike anayesimamia wasichana na mjumbe mmoja wa kamati ya shule. Msiwachague ninyi kwa kuwatazama. Mtoto mwenye hali mbaya kuliko wote mara nyingi siku hiyo hayupo shuleni, na ni mwalimu anayejua alipo.

Mkipitia shirika, ombeni kuona cheti cha usajili na kibali cha NGO ambacho muda wake haujaisha. Kikundi kidogo cha jamii kinatakiwa kiwe kimeandikishwa wilayani. Baada ya karatasi, tembeleeni mahali penyewe, kisha muulizeni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa eneo hilo, faraghani, unawafahamu hawa? Shirika la kweli halikasiriki likiulizwa. Yapo yenye kazi ya miaka mingi inayoonekana kwa macho. Katalemwa Cheshire Home, barabara ya Gayaza, inahudumia watoto wenye ulemavu, na hospitali ya CoRSU kule Kisubi inafanya upasuaji wa mifupa kwa watoto. Kwa mashirika ya aina hii mchango wenu unaweza kulipia kitu kimoja kinachohesabika, kama kiti cha magurudumu au matibabu ya mtoto mmoja.

Nyumba za watoto yatima zinahitaji umakini wa pekee. Watoto wengi wanaoishi humo wana mzazi au ndugu aliye hai, wamepelekwa kwa sababu ya umaskini tu. Tangu 2012 wizara inayohusika na watoto ina mwongozo wa malezi mbadala unaosema mtoto akae na familia kwanza, na nyumba ya watoto iwe hatua ya mwisho. Kwa hiyo ulizeni: nyumba hii imeidhinishwa? Ni watoto wangapi mmewarudisha kwa jamaa zao mwaka jana? Wakikosa jibu la swali la pili, pelekeni mchango kwa bibi anayelea wajukuu watano kwenye chumba kimoja. Yeye ndiye anayewazuia wasifike kwenye nyumba hiyo.

Na watoto wa barabarani? Kampala ina sheria ndogo ya 2019 inayokataza kuwapa fedha au chakula mtaani. Wengi wa wale wadogo mnaowaona wameletwa kutoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, hasa wilaya ya Napak, na mtu mzima aliyekaa pembeni ndiye huzikusanya zile sarafu jioni. Msipitishe bahasha kwenye taa za barabarani. Tafuteni shirika linalowarudisha nyumbani na kuwafuatilia huko.

Hatua ya 3: Pateni ruhusa kazini

Andikeni barua ya ukurasa mmoja: lengo, kamati, mahali fedha zitakapokaa, muda, na sentensi inayosema kuchangia ni hiari. Mpelekeeni meneja mkononi, katikati ya wiki, asiwe na haraka ya kufunga mwezi. Ombeni mambo mawili tu: ruhusa ya kukutana dakika kumi na tano baada ya kazi mara moja kwa mwezi, na mahali pa kubandika hesabu ukutani. Msiombe fedha za kampuni katika barua ya kwanza. Mkimaliza muhula mmoja na hesabu ikawa safi, rudini mwombe aongeze shilingi kwa kila shilingi yenu. Bosi aliyeona karatasi ukutani kwa miezi mitatu husikiliza kwa namna nyingine.

Hapo mwambieni pia kuhusu kodi. Kampuni ikitoa mchango kwa taasisi ya hisani iliyosamehewa kodi ya mapato, sheria inaruhusu mchango huo uondolewe katika hesabu ya kodi, mradi usizidi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi. Mhasibu ataomba barua ya msamaha ya shirika hilo kutoka URA, mamlaka ya mapato. Iwe mkononi mwenu kabla hajaiomba.

Hatua ya 4: Wekeni fedha mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuzigusa

Fungueni akaunti ya pamoja yenye watia saini watatu, ambapo sahihi mbili zinatosha kutoa. Kila benki ina orodha yake, lakini jiandaeni na katiba fupi ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuwachagua, picha, na Ndaga Muntu (kitambulisho cha taifa) ya kila mtia saini. Aliyetoka Kenya, Tanzania au Kongo anaweza kuwa mwanakamati mzuri sana. Kwa kutia saini, ulizeni benki wanataka karatasi gani za ukaazi.

Kikundi kidogo huwa kinaanza na laini ya simu. Inakubalika kwa wiki chache, lakini jueni hatari yake: laini imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja, kwa hiyo fedha zote kisheria zinaonekana zake. Akifariki, akigombana nanyi, au simu ikiibwa sokoni Owino, mtahangaika. Nunueni laini mpya isiyotumika kwa jambo lingine lolote, na kila Ijumaa mweka hazina ahamishe kilichoingia kwenda akaunti ya pamoja mbele ya katibu. Kumbukeni kuna kodi ya asilimia 0.5 kwa kila kinachotolewa kwa wakala, juu ya ada ya mtandao. Katika 600,000 hiyo kodi peke yake ni 3,000. Ni madaftari hayo.

Hatua ya 5: Kiwango kiwe kidogo, na kukataa kuwe rahisi

Kila kiwanda, kila hoteli ina watu wanaolipwa kwa siku. Mfagizi, utingo, mpishi wa jikoni ya wafanyakazi, afande wa getini. Wengine kati yao ndio wazazi wa watoto wale wale mnaotaka kuwasaidia. Mkizungusha orodha yenye majina na viwango, mkaibandika, mtakuwa mmemlazimisha mama aliyekopa nauli ya asubuhi kuandika 5,000 ili asionekane mbaya. Mtoto haponi kwa fedha ya namna hiyo.

Fanyeni hivi: tangazeni kiwango cha chini kabisa, tuseme 1,000 kwa mwezi, na wasiotoa wasitajwe popote. Orodha ya majina ibaki kwa mweka hazina na katibu. Ukutani bandikeni jumla tu. Msimamizi asikusanye kutoka kwa watu anaowasimamia. Atakusanya mwenzao wa ngazi ile ile. Na mtu akiacha katikati, asiulizwe kwa nini.

Wanaotaka mchango ukatwe kwenye mshahara wajaze fomu inayotaja kiasi, mwezi wa kuanza na mwezi wa kuisha, kisha waweke sahihi. Bila sahihi ya mfanyakazi mwenyewe hakuna makato, hata kama meneja amekubali kwa niaba ya wote. Sheria ya Ajira ya 2006 inabana makato ya mshahara, na ni vizuri ibane.

Hatua ya 6: Tangazeni kwa maneno mafupi

Tumieni lugha za mahali penu. Kiswahili na Kiganda kwenye karatasi moja huwafikia karibu wote. Huu ni mfano, badilisheni upendavyo:

"Wapendwa wenzetu, tunachanga kuwanunulia watoto wanane sare, viatu na madaftari ya muhula wa kwanza. Tunaanza mwezi wa Agosti hadi Oktoba. Kiwango cha chini ni 1,000 kwa mwezi, na kutoa ni hiari. Fedha zinakaa akaunti ya pamoja, wanaotia saini ni Mama wa stoo, Mzee wa karakana na dada wa mapokezi. Hesabu itasomwa kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi saa kumi na moja jioni. Mwenye swali amwulize yeyote kati ya hao watatu."

Msiweke picha ya mtoto anayelia. Nitarudi kwenye picha.

Hatua ya 7: Kusanyeni kwa kufuata mishahara na kalenda

Kusanyeni siku ya mshahara na siku mbili zinazofuata. Baada ya hapo fedha zimekwenda kwa kodi ya nyumba na deni la dukani.

Fedha za Februari zikusanywe kati ya Agosti na Oktoba. Desemba watu wanasafiri kijijini na Januari kila mmoja analia na karo ya wanawe; ukipitisha bahasha miezi hiyo utapata pole nyingi na fedha kidogo. Pia mnunue Novemba au mapema Desemba, kabla ya ile haraka ya kurudi shule inayopandisha bei za sare na viatu.

Hesabu ya mfano. Tuseme mko 40. Kati yenu 25 wanatoa 5,000, kumi wanatoa 10,000, na watano hawatoi. Kwa mwezi hiyo ni 125,000 na 100,000, jumla 225,000. Miezi mitatu ni 675,000. Mmezunguka maduka matatu mkaona seti ya mtoto mmoja inafika 75,000. Fedha zinatosha watoto tisa, lakini andikeni wanane. Zile 75,000 zinazobaki ni za kiatu kisichoenea, nauli ya kupeleka mizigo, na mchangiaji aliyeahidi akashindwa.

Kuhusu ahadi: sote tumekaa kwenye mikutano ya arusi ambapo kadi za ahadi zinajaa kwa kelele na makofi, kisha wiki ya arusi wanakamati wanakimbizana na simu zisizopokelewa. Msipange manunuzi kwa ahadi. Pangeni kwa kilichomo benki.

Mkitaka kuongeza juu ya mchango wa mwezi, mnada ndio unaofanya kazi kuliko vyote. Watu wameuzoea kanisani wakati wa mavuno: jogoo, mkungu wa matoke, trei ya mayai, vyote vinapigwa bei mara tatu ya soko na mnunuzi anacheka. Mpeni jukumu mtu mwenye mdomo mtamu, mnada uishe ndani ya nusu saa, na anayeshinda alipe pale pale. Kuuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) na chai ya maziwa wakati wa mapumziko huleta kidogo ila huleta kila wiki. Mbio za hisani zinazouza jezi, kama zile za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, zimewafundisha watu kununua fulana kwa nia njema. Kwa kikundi kidogo, hata hivyo, gharama ya kuchapisha fulana inaweza kumeza faida yote. Ombeni bei ya kuchapisha kwanza.

Bahati nasibu ya tikiti acheni. Inasimamiwa na Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016, na hamtaki kuanza kazi ya watoto kwa kuvunja sheria.

Hatua ya 8: Lipeni moja kwa moja

Fedha zisipite mkononi mwa mtu wa kati, hata awe mchungaji au shehe. Shule nyingi hutumia SchoolPay, ambapo kila mwanafunzi ana namba yake. Mkiipata namba mnalipa kwa simu au benki na ujumbe unakuja na jina la mtoto. Hakikisheni jina kabla ya kubonyeza. Shule isiyo na mfumo huo ina akaunti ya benki: lipeni huko, mchukue risiti ya shule yenye muhuri, siyo kipande cha daftari.

Vitu nunueni wenyewe, wawili pamoja, na mrudi na risiti zenye jina la duka. Kwa sare pimeni watoto kwanza au mwombeni mwalimu aandike vipimo. Kiatu kikubwa kidogo ni sawa. Kidogo ni hasara. Mlezi aitwe shuleni, asaini kwamba amepokea, mkimpa heshima yake: "Mama, hivi ni vya mwanao, tafadhali tazama kama vinamwenea." Yeye ndiye mzazi. Ninyi mmemwongezea tu mkono.

Hatua ya 9: Someni hesabu kwa sauti, kila mwezi, hata kama hakuna kipya

Kama utaacha hatua zote ukabaki na moja, baki na hii. Michango ya kazini haivunjiki kwa sababu watu ni maskini wala kwa sababu hawana huruma. Angalia msiba ukitokea, mabugo (michango ya rambirambi) yanavyokusanyika kabla ya saa sita mchana. Inavunjika kwa sababu miezi miwili imepita bila mtu kusikia fedha ziko wapi, na minong'ono imejaza nafasi ya hesabu. Mweka hazina mwaminifu aliyenyamaza hutazamwa kama mwizi, na atajiuzulu kwa uchungu.

Karatasi moja inatosha: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kwa kazi gani, kimebaki kiasi gani, na taarifa ya benki imebandikwa chini. Katibu asome, siyo mweka hazina. Mwiteni mtu ambaye hayumo kwenye kamati alinganishe daftari na taarifa ya benki kabla ya kusomwa, na abadilishwe kila mwezi. Dereva mmoja anayejua kusoma risiti za mafuta atawakagua kwa makini kuliko mtu wa ofisini.

Hatua ya 10: Mkienda kuwaona watoto, nendeni kwa adabu

Watu wanne au watano wanatosha. Mwalimu au mlezi awepo muda wote, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, hata kwa dakika mbili, hata awe nani. Msibadilishane namba za simu na watoto. Msiwapange mstari wakapokea madaftari mbele ya shule nzima. Kesho yake wenzao watawaita majina. Ni bora mwalimu awape darasani au ofisini kama anavyogawa vitu vingine.

Picha: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, taarifa za mtoto hazikusanywi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Hata ridhaa ikiwepo, sioni sababu ya uso wa mtoto kuzunguka WhatsApp na maneno "tumemsaidia". Mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja, labda mfanyakazi mwenzenu. Pigeni picha ya rundo la viatu, ya risiti, ya jengo. Wachangiaji wanaridhika.

Mkiona dalili kwamba mtoto anapigwa, anafanyishwa kazi ngumu au anaguswa vibaya, msifanye upelelezi wenu. Pigeni 116, laini ya Sauti ya kusaidia watoto, bila malipo, au mwende kwenye dawati la familia na watoto la polisi.

Mambo yakikwama

*Mchango umeshuka ghafla mwezi wa pili.* Tazama kwanza kama hesabu ya mwezi wa kwanza ilisomwa. Kama ilisomwa, pengine mshahara umechelewa, basi sogezeni siku. Msipunguze watoto kabla hamjajua sababu.

*Meneja amekataa.* Mwombe sababu. Mara nyingi anaogopa ugomvi wa fedha kati ya wafanyakazi ambao utamfikia yeye. Mpe katiba yenu na jina la mkaguzi. Akikataa bado, changeni nje ya saa za kazi na nje ya jengo, bila kutumia jina la kampuni.

*Mwalimu mkuu anataka fedha taslimu.* Hapana, kwa upole. "Mwalimu, kikundi chetu kinaruhusu akaunti ya shule tu." Akishikilia, zungumzeni na mwenyekiti wa kamati ya shule au mchague shule nyingine.

*Mweka hazina ametumia fedha "akope kidogo".* Kikao siku hiyo hiyo, watatu wa kamati na yeye. Aandike kiasi na tarehe ya kurudisha, asaini, aondoke kwenye nafasi, na wachangiaji waambiwe ukweli Ijumaa inayofuata. Mkificha ili kumlinda, mtakuwa mmewapoteza wote. Asiporudisha, jadilini kulipeleka jambo hilo polisi.

*Mtu wa nje anataka kutoa fedha nyingi.* Muulizeni anataka nini. Mwanasiasa atataka picha na jina lake kwenye begi za watoto. Kama anakubali fedha ziingie akaunti na jina lake lisomwe tu pamoja na mengine, karibu. Kama hakubali, mshukuruni.

*Kila mfanyakazi anataka mtoto wa ndugu yake aingizwe.* Ndiyo maana shule inachagua. Someni tena sentensi ya lengo, na jina lipelekwe kwa mwalimu kama majina mengine. Mwanakamati asikae kwenye kikao kinachozungumzia jamaa yake.

*Mtoto amehama katikati ya muhula.* Sare na madaftari ni vyake, aende navyo. Kama mmelipia chakula, mwombeni mwalimu mkuu kwa maandishi ahamishie siku zilizobaki kwa mtoto aliyefuata kwenye orodha, na mabadiliko hayo yaandikwe kwenye hesabu ya mwezi. Msimfuate mtoto hadi shule mpya mpaka mmeongea na mlezi na shule hiyo imekubali kuwapa risiti.

*Fedha zimebaki baada ya kununua kila kitu.* Zisigawanywe, wala zisifanyiwe soda ya kamati. Ziandikwe kama salio la kuanzia muhula wa pili, na mwulize mwalimu mkuu kabla ya mwisho wa Mei nini kimeisha: mara nyingi ni madaftari na kalamu.